Kistari kilichogoma: historia ya kosa dogo linalotesa watu

Leo nawapumzisha siasa. Bajeti na Bunge mnazisoma gazetini, basi hapa kijiweni kwangu tuongelee kitu kidogo kuliko punje ya mchele: kistari. Kile kile kilicho kwenye kibodi, jirani na sifuri.

Tazama amri hizi mbili:

ls -l
ls –l

Ukiandika ya kwanza kwenye dirisha la amri la Linux, unapewa orodha ya mafaili na maelezo yake. Ukiandika ya pili unajibiwa kwamba hakuna faili lenye jina hilo. Hujaona tofauti? Rudi uangalie tena. Kistari cha pili ni kirefu kidogo. Kwako wewe na mimi ni vistari tu, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili zisizojuana kabisa.

Sasa mfikirie kijana anayejifunza kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake. Bando linakatika, mwongozo uko mbele yake, ananakili amri kama ilivyo, anabandika, inagoma. Anarudia mara tano. Mwisho anajiambia kwamba mambo haya yana wenyewe. Kumbe yeye hajakosea chochote, aliyekosea ni mwongozo. Na mwongozo nao una historia, tena ndefu kuliko umri wa wengi wetu tunaosoma hapa.

Turudi nyuma. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa kiwango cha ASCII, yaani orodha ya namba inayoiambia mashine herufi ipi ni ipi. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo namba 45 ikapewa kazi mbili: kuwa kistari cha kuunganisha maneno, na kuwa alama ya kutoa ya hesabu. Mashine za chapa zilikwisha zoea kufanya hivyo, hakuna aliyelalamika.

Wachapishaji wa vitabu, hata hivyo, hawakuwahi kukubaliana na ubahili huo. Kwao kistari cha kuunganisha maneno ni kifupi, alama ya kutoa ni ndefu zaidi, na kile kinachotenga sentensi ni kirefu kuliko vyote. Fani hizi mbili, ya kompyuta na ya uchapaji, zikaja kukutana chini ya paa moja: maabara za Bell, Marekani, ambako Unix ilizaliwa.

Watu wengi hawajui kwamba Unix ilipewa mashine yake ya PDP-11 kwa ahadi ya kusaidia uchapaji. Idara ya hataza ya Bell ilihitaji kuandaa nyaraka zake, na wahandisi wakasema tutawatengenezea. Tarehe 3 Novemba 1971 ukatoka mwongozo wa kwanza wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 Joe Ossanna akaandika troff, programu ya kupanga maandishi kwa ajili ya mtambo wa kuchapa kwa mwanga. Humo ukiandika kistari kitupu unapata kistari kifupi cha maneno. Ukitaka alama ya kutoa, lazima uweke mkwaju wa kinyumenyume mbele yake, hivi: \-

Hapo ndipo mbegu ilipopandwa. Kwenye karatasi hakuna aliyejali, maana msomaji alitazama ukurasa kisha akaichapa amri kwa vidole vyake mwenyewe. Karatasi huwezi kuinakili na kuibandika.

Mwaka 1990 James Clark akatoa groff, ndugu huru wa troff, na hiyo ndiyo inayopanga kurasa za mwongozo kwenye Linux nyingi. Mwaka 1991 ikaja Unicode, iliyozipa lugha za dunia nafasi ya kutosha, na kila kistari kikapata namba yake. Mwaka 1992 Ken Thompson huyo huyo, pamoja na Rob Pike, wakabuni UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi hizo zote bila kuvunja ASCII ya zamani. Red Hat ikaifanya UTF-8 kuwa chaguo la kawaida mwaka 2002, na wengine wakafuata.

Ghafla skrini nayo ikaweza kutofautisha vistari. Waandishi waliokuwa wamezoea kuandika kistari kitupu kwenye amri zao wakaumbuka, kwani groff ilikuwa na kila haki ya kuonyesha kistari cha maneno. Ukinakili, amri inagoma. Ukitafuta "-l" ndani ya ukurasa, huipati ingawa unaiona kwa macho. Watu wa Debian waliweka hata kipimo katika chombo chao cha ukaguzi, lintian, cha kuwakamata wanaotumia kistari mahali pa alama ya kutoa.

Julai 2023 lilipotoka toleo la 1.23.0 la groff, ugomvi ukawaka upya. Wasimamizi wake waliondoa kinga iliyokuwa ikifunika makosa hayo kwenye kurasa za mwongozo. Hoja yao ilikuwa kwamba makosa yaonekane ili yarekebishwe. Debian wakatazama rundo la kurasa walizonazo, na mwaka huo huo wakairudisha kinga upande wao.

Nani alikuwa sahihi? Kwa kanuni za uchapaji, ni groff. Lakini mimi ni mtu wa gazeti, na gazetini tunafundishwa kwamba msomaji asilipe gharama ya ugomvi wa chumba cha habari. Amri iliyoandikwa kwenye mwongozo kazi yake ni kufanya kazi. Kupendeza ni baadaye. Hapo nawaunga mkono Debian, ingawa najua kinga hiyo inawafanya wavivu waendelee kuwa wavivu.

Msidhani kistari ni mkosaji peke yake. Mwaka 1976 Stuart Feldman, pale pale Bell, aliandika Make, chombo cha kujenga programu. Aliamua kila mstari wa amri uanze kwa kitufe cha Tab. Baadaye alitaka kubadilisha, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja na hakutaka kuwavurugia kazi. Leo mamilioni wanaurithi uamuzi huo: nakili mfano wa Makefile kutoka kwenye ukurasa uliogeuza Tab kuwa nafasi tupu, na ujenzi unakwama.

Kosa la aina hii linaweza pia kuunguza nyumba. Mwaka 2011 hati ya kusakinisha programu ya Bumblebee ilikuwa na nafasi moja iliyozidi, baada tu ya /usr katika amri ya kufuta. Badala ya kufuta kitu kimoja kilichokuwa ndani ya /usr, ikafuta /usr yenyewe, ambamo programu nyingi za Linux hukaa. Nafasi moja tu!

Sisi wa Kiswahili tunayo ya kwetu. Andika ng'ombe kwenye programu ya ofisi, uone kialama kinavyopindwa kiwe cha kupendeza. Kwenye barua hakuna neno. Kwenye amri, alama ya kunukuu iliyopindwa si alama ya kunukuu tena.

Dawa ipo na ni nyepesi. Usiandike amri kwenye programu ya ofisi, tumia kihariri cha maandishi matupu. Kwenye ukurasa wa wavuti, iweke amri ndani ya alama za msimbo ili isiguswe. Kwenye groff, weka ule mkwaju. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: fungua ukurasa uliokamilika, nakili amri kutoka humo, iendeshe. Ukikuta kosa kwenye mwongozo wa mtu mwingine, mtumie marekebisho. Hata ya herufi moja yanapokelewa.

Na wewe uliyegomewa na amri usiku wa manane ukajiona huna akili: kabla ya kujilaumu, kifute kistari kile, ukichape upya kwa mkono wako.