Safari za Kiangazi Visiwani

Katika kitabu hiki cha yubile tumeombwa kuandika habari za kale za nchi yetu. Wengi hudhani ya kuwa habari hizo hukaa vitabuni tu. Sisi twaona zimekaa pia visiwani, mbele ya macho yetu. Kwa hiyo kila kiangazi, mvua za masika zikiisha, twawaongoza watoto wa shule kwenda Ukerewe na Ukara, wapate kujifunza mambo ya wazee pamoja na elimu ya viumbe.

Twaanzia Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria. Zamani wafanya biashara wa Kiarabu waliliita ziwa zima kwa jina la kisiwa hicho. Bwana Speke alipoliona ziwa karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa amekwisha kulisikia jina la Ukerewe vinywani mwao. Mwaka 1875 Stanley naye alifika kwa Omukama Lukonge kuomba mitumbwi.

Tena wako wageni waliokuja wasirudi. Mwezi wa Desemba 1877 Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill, wamisionari wa Kiingereza, waliuawa kisiwani pamoja na watu wao. Lukonge alikuwa na ugomvi na mfanya biashara mmoja, Songoro, naye Songoro akakimbilia kwao apate kuokoka. Hapo watoto hutuuliza, “Mwalimu, nani aliyekosa?” Twawajibu wasihukumu upesi. Habari hiyo iliandikwa zaidi na ndugu wa wageni; basi sharti wasikilize na upande wa wenyeji kabla ya kusema neno.

Kwa sababu hiyo twawasimulia habari za mzee Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, aliyesoma katika shule za misioni. Mzee huyu aliona desturi za wazee zinapotea, akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945, wala hakupata mchapaji. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikapigwa chapa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Alingoja miaka 35, lakini kazi yake haikupotea. Leo mtu akitaka kujua jinsi Wakerewe wa kale walivyooa, walivyolima na walivyouguzana, atayakuta humo.

Toka habari za watu twaingia katika elimu ya viumbe. Wataalamu wamechimbua matope ya chini ya ziwa, wakatambua ya kuwa yapata miaka 15,000 iliyopita, au zaidi kidogo, ziwa hili lilikauka. Visiwa vyetu vilikuwa vilima katikati ya nchi kavu. Maji yaliporudi, wakaongezeka samaki wadogo waitwao furu, hata wakawa aina 500 na zaidi, kila aina na chakula chake na mahali pake. Kisha, katika miaka ya 1950, sangara akatiwa ziwani. Sangara ameleta fedha na viwanda, hatukatai. Lakini alipozidi sana katika miaka ya 1980, pamoja na kuchafuka kwa maji, aina nyingi za furu hazikuonekana tena.

Kiangazi kimoja mvuvi mzee aliwatajia watoto wetu majina ya furu, moja moja, kama mtu atajaye jamaa zake. Mtoto mmoja akamwambia, “Babu, tuonyeshe mmoja.” Mzee akatazama maji, akanyamaza. Siku ile hatukuwa na haja ya somo jingine.

Hata hivyo, kisiwani Ukara twapata faraja. Nchi ni ndogo, mchanga si wa rutuba, na watu ni wengi sana. Lakini Wakara tangu kale walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia majani, wakachukua samadi mashambani. Tena walipanda marejea pamoja na uwele ili kurudisha nguvu ya ardhi. Hawakufundishwa na mtu wa mbali. Shida na akili ndizo zilizowafunza. Mtoto akiyaona hayo hatasema tena ya kuwa wazee wetu hawakuwa na elimu.

Wazazi wengine huogopa kuwaachia watoto safari hii, wala hatuwalaumu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kilijengwa kuchukua watu 100, nacho kilichukua zaidi ya mara mbili. Basi, waalimu, hesabuni watu kabla ya kupanda. Kila mtoto avae boya lake. Na chombo kikijaa, ngojeni kingine. Afadhali kuchelewa kuliko kuomboleza.

Mtakaporudi, kila mtoto na aandike jambo moja alilosikia kwa mzee, na jina la mzee yule. Wazee wetu wanapungua kila mwaka, kama furu wa ziwani. Nasi tusipoandika sasa, wajukuu wetu watatuuliza, nasi tutatazama maji na kunyamaza.