Bati la Mwanamuziki, Ukuta wa Mwenye Nyumba

Ukisafiri kutoka Mkata kuelekea Segera, hukosi kuona nyumba ya udongo isiyo na paa. Fito zimefungwa kwa kamba ya mkonge, udongo umekandikwa ukakandamizwa, pembe zimenyooka. Masika yakitangulia bati, ukuta huanza kumomonyoka kutoka juu, na jasho la miezi linarudi kuwa tope. Makala hii inadai kwamba hapo, kati ya ukuta na paa, ndipo fedha ya mwanamuziki inapokuwa na kazi.

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe ukuta hujengwa kwa watu, paa kwa fedha. Mwenye nyumba hualika majirani. Wanaume wakata fito, wanawake wateka maji, chakula chapikwa. Ni ujima, jirani wa karibu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya Upareni. Lakini bati, mbao na misumari havialikwi. Hununuliwa dukani, na mkulima wa mahindi hupata fedha taslimu wakati wa mavuno, mvua ikipenda.

Wanamuziki wa roki wameonyesha wanavyoweza kuchangisha. Jon Bon Jovi na bendi yake walijiunga na shirika la Habitat for Humanity katika ujenzi wa nyumba huko Philadelphia, na kazi hiyo ikaingia kwenye video ya wimbo wao. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, Harry Connick Jr. na Branford Marsalis, ingawa wao ni wa jazi, walisaidia kuanzisha kijiji cha wanamuziki New Orleans, chenye nyumba 72 za familia. Wanunuzi walitoa saa zao za kazi pale pale kwenye ujenzi. Sharti hilo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko majina ya mastaa.

Tena sharti hilo si geni kwetu. Mwasisi wa Habitat, Millard Fuller, aliishi Mbandaka, Zaire (Kongo ya leo), kuanzia 1973 hadi 1976, akijenga nyumba zilizouzwa bila faida wala riba, na wenye nyumba wakishiriki kazi. Ndipo akarudi Marekani kuanzisha shirika lake. Wazo lililopita Kongo sasa huturudia likiwa na gitaa begani, nasi tunalipokea kama mgeni.

Korogwe inajua upande wa pili, wa makao ambayo mkaaji hakushiriki kuyajenga. Katika mashamba ya mkonge, manamba, vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali wakapewa vyumba vya kambini. Chumba kilikuwa cha mwajiri: kazi ikiisha, nacho kimekwisha. Handeni nayo inaujua: kijiji cha Msomera kilipokea familia za kwanza zilizohamishwa kutoka Ngorongoro Juni 2022, zikakuta nyumba za vyumba vitatu zimekwisha jengwa na serikali. Ubishi juu ya uhamisho huo ni mpana kuliko makala hii. Hapa natazama jambo dogo tu, kwamba ramani ya nyumba ilichorwa kabla anayelala ndani hajaulizwa jiko likae wapi.

Wasanii wetu nao hawajakaa kimya. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Diamond Platnumz alitangaza kuzilipia familia 500 kodi ya miezi mitatu. Ni wema, ila kodi huishia mfukoni mwa mwenye nyumba, na mwezi wa nne mpangaji yuko pale pale.

Atakuwepo wa kusema fito za ukuta wa udongo huliwa na mchwa, afadhali tofali za saruji. Huyo hajawahi kununua maji kwa ndoo Handeni wakati wa kiangazi. Tofali la saruji hunywa maji mengi kabla halijawa tofali. Ukuta wa udongo chini ya paa pana hudumu, na ukibomoka, fundi wake ni yule yule aliyeukandika.

Basi msanii atakayefika Handeni na gitaa, aje pia na lori la bati za geji 28 na misumari. Jina lake asiliandike ukutani. Ukuta ataukuta umekwisha simama.