Mkono Mmoja na Kamera Kuukuu

Josef Sudek alikuwa na mkono mmoja tu, wa kushoto. Nalitanguliza jambo hili si kwa kumwonea huruma mzee wa watu, bali kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa ni kwa nini, alipokwisha kuvuka miaka hamsini, alichukua kamera ya Kodak ya tangu enzi za utoto wake, ambayo wenzake wangeiweka kabatini kama pambo, akaifanya kalamu ya kuandikia mji mzima wa Prague.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1896 katika mji wa Kolín, Bohemia, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Austria-Hungaria. Alijifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Aliyewahi kumtazama fundi jalada akifanya kazi anajua kwamba hiyo ni kazi ya mikono miwili, na wakati mwingine unatamani ungekuwa na wa tatu. Mwaka 1915 akachukuliwa jeshini, akapelekwa kupigana upande wa Italia. Huko mkono wake wa kulia ukajeruhiwa, na madaktari wakaukata hadi begani. Ufundi wa jalada ukaishia hapo. Picha alikuwa ameshaanza kuzipiga, hata vitani alikwenda na kamera, basi akaona ashikilie hilo lililobaki. Kati ya mwaka 1922 na 1924 alisoma upigaji picha katika shule ya serikali mjini Prague, na miaka hiyo hiyo alikuwa akienda Invalidovna, jumba la majeruhi wa vita, kuwapiga picha wenzake waliorudi bila miguu, bila macho, bila kazi.

Kuna kisa kimoja ambacho yeye mwenyewe alikisimulia uzeeni. Mwaka 1926 alikwenda Italia pamoja na wanamuziki wa okestra ya Prague. Katikati ya safari akawaacha, akatoweka. Kumbe alikuwa anatafuta lile shamba alikopoteza mkono. Mahali akapaona, mkono haukuwapo. Alirudi nyumbani baada ya miezi kama miwili, na tangu hapo hakupenda tena kusafiri nje ya nchi. Ndugu msomaji, mimi naamini kwamba mtu wa namna hiyo, mtu aliyekwisha kutafuta kitu kisichopatikana, ndiye anayeweza kusimama katika mji wake mwenyewe kwa miaka thelathini akipiga picha mitaa ile ile asichoke.

Sasa tuje kwenye kamera, maana humo ndimo hasa kilimo kisa changu.

Mwaka 1940 Sudek aliona picha moja ya sanamu ya kanisa la Chartres, Ufaransa. Ukubwa wake ulikuwa kama sentimita 30 kwa 40. Haikuwa imekuzwa. Ilichapwa kwa njia ya kugusisha: karatasi ya picha unailaza, juu yake unaweka negativu, vinagusana, unaangaza taa, basi. Picha inatoka saizi ile ile ya negativu, na kwa kuwa hakuna lenzi nyingine iliyoingia kati, kila chembe ya jiwe inabaki kama ilivyokuwa. Sudek alipoitazama ile picha akakata shauri kwamba hatakuza picha tena maisha yake yote. Na hakukuza.

Watu wengi husoma habari hiyo wakapita. Hebu tuifikirie kidogo. Sisi tuliozoea studio za mitaani, unapiga picha leo, kesho unachagua mwenyewe: pasipoti saizi, ya kadi, au kubwa ya kutundika sebuleni. Negativu ni moja, ukubwa unataka wewe. Mtu akijinyima mashine ya kukuzia, mambo yote yanageuka. Ukubwa wa picha unaamuliwa kabla hujapiga, dukani kabisa, siku ile unayochagua kamera. Negativu ya filamu ya milimita 35 ukiichapa kwa kugusisha unapata kitu cha ukubwa wa stempu. Ukitaka picha kubwa, sharti ubebe kamera kubwa. Na mbebaji hapa ni mtu mwenye bega moja tupu.

Miaka ya vita vikuu vya pili, Wajerumani walipoikalia nchi, kupiga picha nje kulikuwa ni kujitafutia matatizo. Sudek akajifungia katika kibanda chake cha mbao, bustanini katika mtaa wa Újezd, akapiga dirisha lake. Dirisha hilo hilo: lenye umande, lenye barafu, lenye tawi la mti nyuma yake. Mfululizo ule aliuendeleza mpaka mwaka 1954. Kwa kazi kama hiyo kamera nzito haisumbui, maana imesimama mezani. Lakini vita vilipokwisha alitaka kutoka tena, na alipotoka alitaka mji wote kwa mapana yake: mto Vltava, madaraja, vilima, mapaa. Atumie nini?

Tamaa ya kuona kila upande kwa mara moja ni ya zamani kuliko upigaji picha wenyewe. Mchoraji Robert Barker aliisajili mwaka 1787 kule Uingereza, alipobuni mchoro wa kuzunguka ukuta mzima huku mtazamaji amesimama katikati. Ndiko lilikotoka neno panorama. Wapiga picha wakafuata kwa njia tofauti. Njia rahisi ni kupiga vipande vingi na kuviunga. Mwaka 1875 kule Sydney, Bernhardt Holtermann na Charles Bayliss walitumia mnara wa nyumba, wakapiga bandari kwa vipande 23, na ukiviunga unapata picha ya urefu wa mita kama 10. Kazi kubwa, ila viungo vinaonekana, na wingu lililoko kipande hiki halilingani na la kipande kinachofuata.

Kisha zikaja kamera za kuzunguka. Iliyovuma zaidi ni Cirkut, ya Marekani, iliyosajiliwa mwaka 1904. Hiyo inazunguka yote, mwili na lenzi, juu ya stendi ya miguu mitatu, kwa mtambo wa saa na magurudumu yenye meno, huku filamu inajikunjua nyuma ya ufa mwembamba. Walimu waliipenda kwa picha za shule nzima. Watoto waliipenda zaidi, kwa sababu mtundu aliyesimama mwanzo wa mstari aliweza kukimbia nyuma ya mpiga picha akatokea tena mwisho, akaonekana pacha. Lakini Cirkut ni mzigo, na kila unapobadili lenzi au umbali inabidi ubadili gurudumu la meno. Kwa mkono mmoja? Wamarekani walikuwa pia na kamera bapa za karamu, za filamu ya inchi 12 kwa 20, zilizopiga wageni mia kadhaa mezani kila mmoja na sura yake. Hizo nazo ni sanduku la watu wawili.

Kodak Panoram namba 4 ni kitu kingine kabisa. Ni sanduku la mbao lililovikwa ngozi nyeusi, unaweza kulibeba kwapani. Kodak ilianza kuliuza mwaka 1899. (Vitabu kadhaa vinasema kamera ya Sudek ilikuwa ya mwaka 1894. Haiwezekani, kwani mwaka huo Panoram haikuwapo.) Ndani yake filamu haikai bapa bali imepindwa kama nusu ya debe, na lenzi iko katikati, imefungwa kwenye kikombe kinachozungushwa na springi. Ukibonyeza, lenzi inageuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mwanga unapita juu ya filamu kama brashi ya mpaka chokaa ukutani. Kwa sababu filamu imepindwa, kila sehemu yake iko umbali ule ule kutoka kwenye lenzi, hivyo kingo hazififii kama zinavyofifia kwenye kamera bapa yenye lenzi pana. Inashika nyuzi 142. Negativu yake ni kama sentimita 10 kwa 30.

Sentimita 30! Hapo ndipo fumbo linapofumbuka. Ukiichapa kwa kugusisha unapata picha ndefu ya kutosha kutazamwa mkononi, isiyohitaji mashine ya kukuzia, kutoka kwenye kamera ambayo mtu mwenye mkono mmoja anaweza kuibeba, kuituliza na kuifyatua. Ukitia shauri lile la mwaka 1940, na bega lile la Italia, na upana ule wa Vltava katika hesabu moja, jibu linalotoka ni hilo sanduku. Wanaosema alilipenda kwa ajili ya ukale wake nadhani wanamfanya mzee mshamba wa makumbusho. Alikuwa fundi, na fundi huchagua chombo kwa kazi.

Chombo chenyewe kilikuwa kikaidi. Huwezi kurekebisha masafa; yamefungwa kiwandani. Kasi za kuchagua ni chache mno. Usipokiweka sawasawa kwa pimamaji, upeo wa macho unajikunja kama bakuli. Hata ukikiweka sawa, ukuta mnyofu ulio mbele yako unatoka umebenuka kama upinde, na mtu anayetembea kuelekea upande inakokwenda lenzi anavutika akawa mnene, anayekwenda kinyume anabanwa akawa mwembamba kama ufito. Sudek hakupigana na kasoro hizo. Alizipangia nafasi. Alisimama pale ambapo barabara yenyewe inapinda, au mto unapinda, ili mkunjo wa kamera na mkunjo wa mahali vifuatane, na mtazamaji asijue kipi ni cha nani. Vitu vingine alivishika kwa meno, vingine akavibana kwa magoti. Alizunguka mji na vitongoji vyake kwa miaka karibu kumi.

Mwaka 1959 shirika la uchapishaji la serikali likatoa kitabu chake, Praha panoramatická, chenye picha 284 ndefu, pamoja na shairi la Jaroslav Seifert, yule yule aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Sisi tunaojifunza kuandika tungekitazama kitabu hicho kwa makini, kwa sababu hakianzii kwenye majumba ya wafalme kikaishia hapo. Kinatoka mpaka kwenye viwanja vya magugu, reli, ua wa mbao, mwisho wa lami, mahali ambapo mji unakuwa haujui kama bado ni mji. Katika picha ya mraba ungeweza kukata kibanda kibaya kikabaki nje. Nyuzi 142 hazina nje. Unachagua pa kusimama tu. Baada ya hapo, kilichopo kimo.

Ndiyo maana, kwangu mimi, kazi yake nzito zaidi kwa kamera hiyo si ya Prague. Tangu mwaka 1957 alikuwa akienda kaskazini ya Bohemia, karibu na mji wa Most, kwenye nchi ya makaa ya mawe. Pale mashine zilikuwa zinachimbua ardhi wazi wazi, zinameza mashamba na vijiji. Akapiga miti iliyokauka, matope, mabomba ya moshi mbali kabisa kwenye ukingo wa picha, na katikati hakuna kitu, sentimita 30 za kitu kilichoondolewa. Aliuita mfululizo huo Smutná krajina, yaani nchi yenye huzuni. Kwa taifa lililokuwa likihesabu tani za makaa kama ushindi, haikuwa picha ya kutundika ofisini. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1999, naye alikwisha kufa tangu tarehe 15 Septemba 1976.

Mcheki mwingine, Josef Koudelka, alirudi nchini kwao mwaka 1990 baada ya miaka ishirini uhamishoni, akaenda chini ya milima ile ile na kamera ya picha ndefu ya kizazi kipya, akatoa kitabu mwaka 1994. Kamera yake ilikuwa bora kuliko ya Sudek kwa kila kipimo. Ardhi ilikuwa mbaya zaidi.

Mji mkongwe wa Most wenyewe ulibomolewa wote ili makaa yaliyokuwa chini yake yachimbwe. Kilichookolewa ni kanisa la Bikira Maria. Mwaka 1975 walilipakia kwenye mabehewa 53, wakalisukuma juu ya reli kwa siku 28 mpaka lilipofika mita 841 kutoka lilipojengwa. Makaa yalipokwisha, shimo lilijazwa maji. Leo mahali palipokuwa na mji kuna ziwa, na watu wa Most huenda kuogelea.