Ng'ambo ya Nani? Jina la West Nile na Utambulisho wa Watu wa Arua na Koboko

Jina la eneo aghalabu huonyesha aliposimama aliyelitoa. Transylvania, eneo la kihistoria lililomo Romania leo, ni jina lenye asili ya Kilatini na maana ya ng'ambo ya msitu: ni ng'ambo kwa mtu atazamaye kutoka Hungaria, si kwa mwenyeji. Kaskazini-magharibi mwa Uganda lipo jina la jinsi hiyo. Mkazi wa Onduparaka, Arua, huitwa mtu wa West Nile kwa sababu utawala wa kikoloni wa Entebbe ulimtazama kutoka upande wa pili wa mto.

Hilo halikuwa jina la kwanza la kigeni. Mwezi Mei 1894, Uingereza ilimkodisha Leopold II, Mfalme wa Ubelgiji, ardhi iliyo magharibi mwa Nile kwa muda wote wa uhai wake. Eneo hilo likaitwa Lado, kwa jina la kituo kilichokuwa ukingoni mwa mto, katika Sudan Kusini ya leo. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo likakabidhiwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda. Kwa hiyo, katika miaka 20 wenyeji walibadilishiwa dola mara tatu bila kuhama.

Mipaka hiyo ilitenganisha na kuunganisha kwa wakati mmoja. Wakakwa walijikuta katika nchi ambazo leo ni Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Ndani ya wilaya mpya, nao waliwekwa pamoja na Walugbara na Waaluri, ambao lugha zao hazikuwa na jina moja la kuwajumuisha wote. Ujumla huo ulipata uzito ugenini: askari wa King's African Rifles na vibarua wa mashamba ya miwa ya Buganda na Busoga walihesabiwa kuwa watu wa mahali pamoja. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, jina hilohilo liligeuka kuwa shutuma. Raia wengi wasio na hatia walikimbilia Sudan na Zaire. Jina lililoanza kama dira ya mtawala likawa kumbukumbu ya pamoja ya waliolibeba.

Historia hiyo ina uzito wa kisera. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, hivyo nyaraka za serikali zitahitaji jina la eneo hili kwa Kiswahili. Tafsiri ya "Nile Magharibi" inapotosha. Pokot Magharibi, nchini Kenya, ni sehemu ya nchi ya Wapokot. West Nile si sehemu ya mto. "Magharibi mwa Nile" ndiyo tafsiri inayoeleza mahali kwa usahihi, na inafaa kutumika katika maelezo ya kijiografia. West Nile libaki kama jina maalumu, kwa kuwa wenyeji wamekwisha kulifanya lao. Lakini pale sera inapogusa lugha ya kufundishia, ardhi au wakimbizi, Wakakwa, Walugbara na Waaluri watajwe kwa majina yao. Dira huonyesha upande. Haisemi ni nani anayeishi huko.