Quanzhou: Bandari ya kale iliyojengwa juu ya chaza

QUANZHOU ni mji wa pwani katika mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa Uchina, ukielekeana na kisiwa cha Taiwan. Katika enzi za nasaba za Song na Yuan, kati ya karne ya 10 na ya 14, ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani, nao Waarabu waliuita Zaitun.

Msafiri Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alifika Zaitun katika miaka ya 1340 na kustaajabia wingi wa vyombo bandarini. Msikiti wa Qingjing, ulioanzishwa mwaka wa 1009, ungalipo hadi leo, sawa na hekalu la Wabudha la Kaiyuan na minara yake miwili ya mawe.

Hata hivyo, anayetaka kuujua mji huu hana budi kuanza na chaza.

Ujenzi wa daraja la Luoyang ulipoanza mwaka wa 1053, mkondo wa maji ulitishia kuusomba msingi wake. Mafundi walipanda chaza juu ya mawe, nao wakaota na kuyagandisha pamoja mithili ya saruji. Daraja lilikamilika mwaka wa 1059 chini ya gavana Cai Xiang, na baadaye ikapigwa marufuku kuwavuna chaza hao ili lisidhoofike.

Katika kijiji cha wavuvi cha Xunpu, magamba ya chaza ndiyo yaliyojenga kuta za nyumba kongwe. Wenyeji husimulia kwamba magamba hayo makubwa yaliletwa na meli zilizorudi kutoka ng'ambo, zikiyabeba ili zisiyumbe baharini. Wanawake wa hapo husokota nywele kisogoni na kuzizungushia mashada ya maua, desturi ambayo siku hizi huwavutia wageni wengi.

Mezani, chaza wadogo huchanganywa na wanga wa viazi vitamu, mayai na majani ya vitunguu, kisha hukaangwa hadi kingo zikauke huku katikati pakibaki laini. Asubuhi wengi hunywa uji wa tambi nyembamba mno, wakiutowelea kwa andazi refu lililokaangwa. Kuna pia bata apikwaye kwa tangawizi nyingi na mafuta ya ufuta, na supu ya nyama ya ng'ombe ambayo wapo wanaoihusisha na Waislamu waliolowea humo.

Kinachowashangaza wageni zaidi ni mnyama wa matopeni afananaye na mnyoo. Huchemshwa hadi atoe utelezi, ambao ukipoa huganda kama jeli. Huliwa baridi kwa siki, vitunguu saumu na pilipili.

Fahari ya bandari hiyo ilififia baada ya vita vya mwishoni mwa enzi ya Yuan, mchanga kujaa katika ghuba na dola ya Ming kubana biashara ya baharini. Wakazi wengi walihamia Ufilipino, Malaysia na Indonesia, wakibeba lugha na mapishi yao.

Mwaka wa 2021, UNESCO iliorodhesha maeneo 22 ya Quanzhou kuwa turathi ya dunia. Mawe yamepata ulinzi. Mapishi nayo yangali mikononi mwa wapishi wa vichochoroni, wanaorithishana kizazi hadi kizazi.