Kuchaji gari la umeme kwa kasi: hesabu ya safari ya Same na Milima ya Upare

GARI la petroli likiishiwa mafuta kati ya Mkomazi na Hedaru, dereva hupanda pikipiki hadi mji wa karibu, hununua lita tano kwenye dumu, na safari huendelea. Gari la umeme likiishiwa chaji mahali hapohapo, hakuna dumu litakalolisaidia. Hulazimu kubebwa juu ya lori, kwa kuwa mengi ya magari hayo hayatakiwi kuvutwa huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka barabarani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza umuhimu wa mtandao wa vituo vya kuchaji kwa kasi. Mtandao wa namna hiyo haupimwi kwa wingi wa chaja zilizopo katika miji mikubwa, bali kwa urefu wa pengo lililopo kati ya kituo kimoja na kingine. Pengo moja likizidi uwezo wa betri, vituo vingine vyote vya njia hiyo hupoteza maana kwa msafiri.

Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ni mahali panapofaa kulielewa jambo hilo. Mji wa Same uko takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam na zaidi kidogo ya kilomita 100 kabla ya kufika Moshi, katika barabara kuu iendayo Arusha. Upande mmoja wa barabara iko Milima ya Upare, ambayo kilele chake cha juu, Shengena, kina urefu wa mita 2,462. Upande wa pili ni tambarare kame yenye joto. Tanzania bado haijawa na mtandao mpana wa chaja za kasi katika barabara zake kuu, na kwa sababu hiyo anayesafiri kwa gari la umeme katika njia hii hana budi kupiga hesabu kabla ya kuwasha gari.

Chaja ya kasi ni ipi?

Soketi ya kawaida ya nyumbani, yenye volti 230, hutoa kati ya kilowati 2 na 3. Gari lenye betri ya yuniti 60 likichomekwa hapo likiwa tupu, huchukua karibu siku nzima, usiku na mchana, hadi kujaa. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 hupunguza muda huo hadi saa tisa hivi, muda unaotosha kwa gari linalolala nyumbani au hotelini.

Umeme wa gridi ni wa mkondo geu, ilhali betri hupokea mkondo mnyoofu peke yake. Gari linapochajiwa nyumbani, kifaa kidogo kilichomo ndani yake ndicho hugeuza mkondo huo, na udogo wa kifaa hicho ndio unaochelewesha kazi. Chaja ya kasi hufanya kazi hiyo nje ya gari, kwa mtambo mkubwa, kisha huingiza mkondo mnyoofu moja kwa moja betrini. Chaja hizo kwa kawaida huanzia kilowati 50, na za kisasa hufikia kilowati 150 hadi 350.

Chaja ya kilowati 50 inaweza kutoa hadi yuniti 25 kwa nusu saa. Gari dogo la umeme hutumia yuniti 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100 likiendeshwa kwa mwendo wa wastani. Kwa hiyo nusu saa ya kusimama Same inatosha kumfikisha dereva Moshi na kumbakizia akiba.

Hata hivyo, kasi hiyo haidumu hadi mwisho. Betri inapokaribia asilimia 80, gari lenyewe hupunguza umeme linaoupokea ili kuilinda. Kutoka asilimia 80 hadi 100 kunaweza kuchukua muda sawa na ule uliotumika kutoka 20 hadi 80. Msafiri wa masafa marefu hufaidika zaidi akiondoka kwenye asilimia 80 na kusimama tena mbele, mradi kituo kinachofuata kipo.

Hesabu ya barabara

Kutoka Korogwe hadi Same ni takriban kilomita 150, na barabara hupanda zaidi ya mita 500 kati ya miji hiyo miwili. Gari lenye betri ya yuniti 40 lililoondoka Korogwe likiwa na asilimia 80, yaani yuniti 32, litafika Same likiwa limebakiza kidogo sana. Likienda mbio, likiwa na abiria wanne na kiyoyozi kikifanya kazi, huenda lisifike kabisa. Gari hilohilo lingesafiri bila wasiwasi kama kungekuwa na chaja moja tu ya kuaminika kati ya Mombo na Hedaru.

Nchi za Umoja wa Ulaya zililiona tatizo hilo mapema. Kanuni yao iliyopitishwa mwaka 2023 inataka barabara zao kuu ziwe na vituo vya kuchaji kwa kasi katika kila kilomita 60. Kipimo hicho kikitumika katika njia ya Dar es Salaam hadi Arusha, ambayo inazidi kilomita 600, hupatikana vituo kumi hivi. Si idadi ya kutisha. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba vyote vinafanya kazi siku zote.

Mlima na joto

Anayeacha barabara kuu na kupanda kwenda Mbaga, Mamba au Chome hukutana na hesabu nyingine. Kulinyanyua gari la kilo 1,600 kwa mita 1,000 hutumia takriban yuniti 4.4 kwa kupanda peke yake, mbali na zile zinazotumika kusonga mbele. Hizo ni sawa na karibu kilomita 25 za tambarare.

Wakati wa kushuka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo betrini, na breki hupumzika. Lakini betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea kitu. Kwa sababu hiyo, aliyelala mlimani na kuchaji usiku kucha hashauriwi kujaza hadi asilimia 100 kabla ya kuteremka.

Joto nalo lina sehemu yake. Betri hupata moto inapochajiwa kwa kasi na inapotumika kwa mwendo mkali. Magari mengi ya kisasa huipoza kwa maji maalumu, lakini Nissan Leaf ya matoleo ya awali, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2010, haina mfumo huo. Ikichajiwa kwa kasi mara mbili au tatu katika safari moja ya mchana, hupunguza mno umeme inaoupokea. Kwa gari la namna hiyo, kusafiri alfajiri ni busara.

Plagi hazifanani

Jambo linaloweza kumkwamisha Mtanzania kuliko yote ni plagi. Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa nchini hutoka Japani, na Leaf za huko hutumia plagi ya kasi iitwayo CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China hutumia GB/T. Ulaya imechagua CCS2. Plagi hizi haziingiliani, na kila moja ina namna yake ya kuwasiliana na gari kabla ya umeme kuruhusiwa kupita.

Dereva anaweza basi kufika kituoni akiwa na asilimia 6, akaikuta chaja nzima, yenye umeme, isiyo na foleni, na bado isimfae. Anayenunua gari anapaswa kuuliza aina ya plagi ya kasi kama anavyouliza mwaka wa kutengenezwa. Aidha, wenye kujenga vituo hupaswa kutazama magari yaliyopo barabarani, si yale yanayopendwa na mtengenezaji wa chaja.

Umeme wenyewe

Mto Pangani, unaopita magharibi ya milima hiyo, umezalisha umeme kwa miongo mingi. Nyumba ya Mungu ina uwezo wa megawati 8, Hale megawati 21 na New Pangani Falls megawati 68. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini Rufiji iko mbali na kaskazini. Machi 2025, katika uzinduzi wa mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba umeme unaosafirishwa kutoka mbali hupotea njiani.

Kwa kituo cha kuchaji, swali lililo karibu zaidi ni la transfoma. Chaja moja ya kilowati 50 huchukua nusu ya uwezo wa transfoma ya kVA 100, ambayo huenda inahudumia mtaa mzima. Chaja ya kilowati 150 huhitaji transfoma yake yenyewe. Njia mojawapo ni kuweka betri kubwa kituoni, ikajazwa polepole wakati matumizi ni madogo, kisha ikatoa umeme kwa kasi gari linapofika. Betri hiyo husaidia pia umeme unapokatika.

Malipo na taratibu

Watanzania wamezoea kununua umeme kwa yuniti kupitia LUKU, na malipo ya kituoni hufuata mantiki hiyohiyo. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hiyo yuniti 25 ni shilingi 7,300, ingawa mwenye kituo hulazimika kuongeza gharama za mtambo na faida yake. Nchini Kenya, mwaka 2023, iliidhinishwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ambayo hushuka kwa nusu katika saa za matumizi madogo.

Katika nchi nyingi malipo hufanywa kwa kadi au kwa programu ya simu. Ni vyema programu hiyo ikawekwa kwenye simu na kujaribiwa kabla ya safari, kwani mtandao wa simu huweza kusumbua njiani. Taratibu nyingine ni za ustaarabu: gari lililomaliza huondolewa, na anayesubiri hapewi sababu ya kusubiri asilimia 100 ya mwenzake.

Kanuni kuu ni tatu. Thibitisha kwa simu kwamba chaja inafanya kazi na ina plagi inayokufaa. Fika kila kituo ukiwa na akiba isiyopungua asilimia 20. Usitegemee kituo chenye chaja moja bila kujua pa kwenda ikiwa imeharibika, hata kama ni hoteli yenye soketi ya kawaida.

Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, treni zake zilivutwa kwa mvuke, na injini za mvuke hazikuweza kwenda mbali bila kusimama kuongezwa maji. Magari ya umeme yanarudisha mahitaji ya namna hiyo katika njia ileile. Basi la dizeli huweza kuipita Same bila kupunguza mwendo, lakini gari linalohitaji nusu saa ya chaji humwacha msafiri na muda wa kula na kununua tangawizi ya milimani. Mji utakaoweka chaja isiyozimika ndio utakaowapata wasafiri hao.