Senti Kumi Kumi: Taarikh ya Mchango Uliopigana na Ugonjwa wa Kupooza

Aghalabu mtu akisikia neno mchango, huwaza chakula cha mwenye njaa, sanda ya maiti asiye na jamaa, au mabati ya kuezekea chuo cha watoto. Ni nadra kumwona mtu akitoa fedha ili mtaalamu akae chumbani mwake na darubini, akitafuta jambo ambalo yeye mwenyewe hana yakini kama atalipata. Lakini watu wa Marekani walifanya hivyo miaka kumi na saba mfululizo, tena wengi wao kwa sarafu ya senti kumi. Khabari zao zastahili kuelezwa, kwani ndani yake yamo ya kusifiwa na yamo ya kusikitisha.

Ugonjwa wenyewe ni polio. Kirusi chake huingia kwa kinywa na kukaa matumboni, na watu wengi hupitiwa nacho pasipo kujua. Ila kwa wachache huvuka kikaingia katika uti wa mgongo, kikaziua seli za fahamu zinazoiamrisha misuli. Hapo mguu hulegea, na pengine hata pumzi hushindwa. Mtoto aliyekuwa akikimbia juzi, leo hawezi kusimama. Mwaka wa 1952 peke yake, Marekani iliandikisha wagonjwa wapatao 58,000, na waliokufa walizidi 3,000.

Franklin Roosevelt alipooza miguu mwaka wa 1921, naye ana umri wa miaka 39. Matabibu wake walisema ni polio, ijapokuwa wataalamu wa zama zetu wamepata kubishana juu ya jambo hilo. Mwaka wa 1926 alinunua mahali penye chemchemi za maji moto, Warm Springs katika jimbo la Georgia, pakawa pa kuwatunzia waliopooza. Alipokuwa Rais, karamu za siku ya kuzaliwa kwake, kuanzia tarehe 30 Januari 1934, zilikusanya fedha kwa ajili ya wagonjwa hao. Karamu za mwaka ule wa kwanza zilileta zaidi ya dola milioni moja.

Lakini mradi wa wagonjwa wote haukufaa kushikamana na jina la mwanasiasa mmoja, maana wasiompenda Rais wangeufunga mkono. Basi mwezi wa Januari 1938 ikaundwa Taasisi ya Taifa ya Kupooza kwa Watoto, ikaongozwa na wakili Basil O'Connor. Mchekeshaji Eddie Cantor akatoa shauri katika redio kwamba kila mtu ampelekee Rais senti kumi. Barua zikamiminika Ikulu hata makarani wakashindwa kuzipambanua na barua za serikali, na zilipohesabiwa, sarafu zilikuwa zaidi ya 2,600,000. Mtoto wa shule aliweza kutoa sawasawa na baba yake, na naona hapo ndipo ilipokuwa siri ya mchango ule.

Fedha hizo ziligawanywa. Sehemu kubwa iliwalipia wagonjwa hospitali, magongo, na yale masanduku makubwa ya chuma yaliyowavutia pumzi walioshindwa kupumua. Sehemu nyingine ilikwenda kwa wataalamu. Kwa msaada huo Enders, Weller na Robbins walionyesha huko Boston, mwaka wa 1949, kwamba kirusi cha polio chaweza kukuzwa nje ya seli za fahamu. Bila ya ugunduzi huo, chanjo isingaliweza kutengenezwa kwa wingi.

Tena palikuwa na kuwaelimisha watu, kazi ambayo wengi huidharau. Vijitabu, picha za ukutani na filamu ziliwaeleza wazazi dalili za ugonjwa na jinsi ya kumtunza mgonjwa. Mwaka wa 1950, katika mji wa Phoenix, kina mama walitembea nyumba kwa nyumba usiku mmoja, na kila aliyetaka kutoa aliwasha taa ya barazani.

Sasa nije katika lile la kusikitisha. Senti kumi ya Mmarekani mweusi ilipokewa kama nyingine zote, lakini mgonjwa mweusi hakupokewa Warm Springs. Watu weusi walilalamika, nao walikuwa na haki. Taasisi ikatoa fedha, na mwezi wa Januari 1941 kikafunguliwa kituo cha vitanda 36 huko Tuskegee, Alabama, chini ya tabibu mweusi John Chenault. Vitanda 36 vilikuwa haba mno kwa watu wote wale, na mlango wa Warm Springs haukufunguliwa kwa sababu hiyo.

Na ni Tuskegee hiyohiyo iliyokuja kuhitajiwa. Jonas Salk alipokwisha kuunda chanjo yake huko Pittsburgh, ilibidi ijaribiwe. Mwaka wa 1954 watoto wapatao 1,800,000 walishiriki katika jaribio hilo, kwa idhini ya wazazi ambao kwa miaka mingi walikuwa wamesoma vile vijitabu. Kupima damu zao kulihitaji seli hai nyingi, na waliozikuza kwa wingi Tuskegee ni wataalamu weusi, Russell Brown na James Henderson, kwa fedha za Taasisi. Tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo yafaa. Mwezi uleule dawa ya maabara moja ya California ilionekana ina virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza na 10 wakafa, na chanjo ikasimamishwa kwa muda mpaka ukaguzi ulipokazwa. Kufika mwaka wa 1962, wagonjwa wapya wa Marekani walikuwa hawatimii 1,000.

Seli zile za Tuskegee asili yake ni Henrietta Lacks, mama mweusi wa watoto watano, aliyefariki kwa saratani tarehe 4 Oktoba 1951. Zilichukuliwa mwilini mwake huko Baltimore bila ya kuombwa ruhusa. Jamaa zake hawakujua mpaka miaka ya 1970, na wakati huo Taasisi ilikuwa imekwisha kugeukia, tangu mwaka wa 1958, kazi ya watoto wanaozaliwa na kasoro.